Leseni Yenye Jina Lako

Chang'ombe, Temeke
Jumapili, 4 Februari 2024

Kwa somo yangu Bernadeta,

Salamu nyingi zikukute hapo Madale, wewe na baba Kornelio na wote mlio nyumbani. Mimi ni mzima, ila usingizi siku hizi ni wa kuokoteza. Kifua cha mzee kinaendeleaje? Nakumbuka vumbi la mpingo lilivyokuwa likimsumbua tangu tukiwa watoto.

Najua utaigeuza karatasi uangalie imetoka kwa nani. Ni Anna, binti wa marehemu mzee Romani, jirani yenu wa Newala. Imepita miaka kumi na minne. Nina mwenzangu kazini anaitwa Atuganile, anaishi huko kwenu. Mwezi uliopita alikuja na kinyago alichonunua kwa mzee mmoja anayechongea kando ya barabara ya kupandia mlima. Nikakigeuza, nikaona chini alama ya samaki mdogo. Ni baba yako tu anayechonga samaki chini ya kila kitu, hata chini ya tembo. Atuganile ndiye anayekuletea barua hii. Sikutaka kupiga simu, maana jambo lenyewe si la kuongea huku mtu anapita anasikia.

Unajua nilivyosoma. Nilifeli darasa la saba. Mwaka uliofuata, zamu ya darasa lenu, mkahamia Dar ghafla mwezi wa saba. Majina ya watahiniwa yalikuwa yameshapelekwa, na kiti chako kikabaki wazi. Mwalimu mkuu akaniita ofisini akasema, "Kaa pale kwa Bernadeta, na ukiitwa Bernadeta uitike." Nikaitika, nikafaulu. Tangu siku hiyo kwenye kila karatasi mimi ni Bernadeta Kornelio, hadi stashahada. Ndiyo maana nathubutu kukuita somo.

Nimesomea huduma za dharura. Sisi ndio tunaofika na gari la wagonjwa na kuanza matibabu palepale mtu alipoangukia. Mwaka wa majaribio namalizia hapa Chang'ombe, na mtihani wa Baraza la taaluma yetu nimefaulu. Kilichobaki ni kuandikwa kwenye daftari la wataalamu na kupewa leseni. Bila leseni, ikifika tarehe thelathini Juni, siruhusiwi hata kumfunga mtu bandeji.

Wanataka cheti halisi cha kuzaliwa, chenye jina lile lile la vyeti vya shule. Changu kimeandikwa Anna Romani. Somo, naomba uniazime chako. Wiki mbili tu, kitarudi kama kilivyo.

Somo yako,
Anna


Madale
25 Februari 2024

Anna wa Romani,

Barua nimeipata, na salamu nimezipokea. Sie tupo. Mzee anakohoa asubuhi, mchana anachonga, jioni anakohoa tena. Mie nampigia msasa na kupaka vinyago kiwi ya viatu, kazi ile ile ya Newala. Vidole vyangu havitakati hata Krismasi. Wewe nawe pole kwa usingizi.

Umeniita somo mara nne, nimehesabu. Sasa na mie nikusimulie, maana naona sehemu yangu ya hadithi hukuambiwa.

Unasema kiti kilibaki wazi. Nani alikwambia nilikiacha? Tulipofika hapa nilivaa sare zangu za Newala, mzee akanipeleka shule. Nikakaa darasani siku tatu. Siku ya nne mwalimu akasema jina langu limeshasajiliwa kwa mtihani kule Newala, nikafanyie huko. Mzee akasema tutafuatilia mwakani. Mwakani tulipokwenda tukaambiwa Bernadeta Kornelio ameshafanya mtihani. Tena amefaulu! Mama mdogo alitupigia simu kutoka kijijini anapiga vigelegele, eti nimechaguliwa kidato cha kwanza. Mie nimekaa hapo na msasa mkononi. Mzee aliinuka akaenda kunoa patasi zake.

Kwa hiyo usinieleze habari za kiti kilichobaki wazi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa wa tatu darasani, na wewe unajua, maana hesabu nilikuwa nakufundisha mie, wewe mkubwa wangu.

Umelala kwenye kitanda changu miaka kumi na minne, sasa umenitumia ujumbe nikuletee na shuka. Hapana, Anna. Cheti kipo kwenye sanduku na kitakaa kwenye sanduku.

Nakutakia kazi njema.

Bernadeta, mwenye jina


Chang'ombe
3 Machi 2024

Bernadeta,

Natumaini mko salama. Sitauliza mengi, maana sijui kama nina haki ya kuuliza.

Sikujua. Naapa kwa kaburi la baba, sikujua kuwa ulipelekwa shuleni ukakataliwa kwa sababu yangu. Niliambiwa umeacha shule, kwamba huko Dar unajifunza kushona. Hata nikafurahi kidogo, nikawaza kila mtu amepata lake. Tangu Atuganile alete jibu lako nikitulia dakika tano nainuka tena. Nafagia chumba kilichofagiliwa. Nimejisikia mwizi, na sijui kuandika neno lingine.

Jumatano tuliitwa karakana moja hapa nyuma, fundi amebanwa mguu na mashine ya kukunjia bati. Kazi yetu swali la kwanza kwa mgonjwa ni: unaitwa nani? Akijibu vizuri, unajua kichwa kipo sawa. Akajibu, Usama. Halafu akanishika mkono akaniuliza na mimi naitwa nani. Niko kwenye damu hadi viwikoni, nikakwama. Mwenzangu alinitazama kama mimi ndiye niliyepigwa kichwani. Mwishowe nikasema Bernadeta, na yule kaka akaita "sista Bernadeta, sista Bernadeta" njia nzima hadi hospitali. Mguu haukukatwa. Yule kaka alikuwa anakushukuru wewe bila kukujua.

Kuna mtu amenifuata, anasema cheti cha kuzaliwa anatengeneza kwa siku mbili, mhuri na kila kitu. Nimemwambia nitafikiria. Nakuandikia ukweli: sijamkatalia.

Sikuombi tena cheti. Nilitaka tu ujue nimesikia.

Anna


Madale
26 Mei 2024

Anna,

Habari za masiku. Sie wazima, mvua zimetukatia barabara, gari hazipandi huku, hata wateja wa vinyago wamepotea. Umenyamaza miezi mitatu na mie nimenyamaza, ila kila nikimwona huyo Atuganile wako anashuka mlima na nguo zake za kazi nageuza uso. Nimechoka kugeuza uso.

Wiki iliyopita nilimsomea mzee barua zako zote mbili. Nilitaka akasirike na mie, tukasirike wawili. Alisikiliza, halafu akasema, "Romani alinipa gogo."

Nikamuuliza gogo gani. Akasema mwaka ule tunahama, baba yako alimfuata na mwalimu mkuu. Wakamweleza kwamba binti wa Romani ni mkubwa lakini amefeli, na binti wa Kornelio anaondoka, atasoma Dar, huko shule ni nyingi. Mzee akakubali. Baba yako, kwa kushukuru, akamletea gogo la mpingo, jeusi hadi moyoni, refu kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakulidai, alipewa tu. Lakini alilipokea, na wachongaji wakipeana gogo maneno yameisha, hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana shule ya hapa iliponikataa alishindwa kusema ukweli. Angesema, ingekuwa amelikataa gogo la Romani.

Na lile gogo nalikumbuka, Anna. Ndilo la kwanza alilochonga hapa Dar. Nilipiga msasa mwezi mzima, kinyago cha mama aliyebeba watoto saba. Aliniambia nitie bidii kwenye sura ya mtoto wa mwisho. Likanunuliwa na Mzungu, likaenda zake.

Nililia, sitakuficha. Halafu nikaona kitu: mie nilikuwa na hasira na wewe peke yako, kumbe tuliuzwa sote wawili na watu wanaotupenda. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Ungemwambia nini mwalimu mkuu?

Cheti hiki hapa, nimekifunga kwenye gazeti. Huyo mtu wako wa mihuri mwambie aende zake, nisije nikasikia jina langu polisi. Wiki mbili, umesema mwenyewe. Mwezi wa kwanza Tegeta wanaandikisha watu wazima masomo ya jioni, na mie nataka kwenda, nitakihitaji.

Bado sijakuzoea. Lakini kazi ya huyo Usama ilikuwa nzuri.

Bernadeta


Chang'ombe
28 Juni 2024

Somo yangu, somo yangu!

Shikamoo ya baba Kornelio naomba unifikishie. Imetoka! Jana saa tano asubuhi, mama mmoja wa pale Baraza, mpole, amevaa miwani imefungwa na kamba, aliangalia cheti chako upande huu na upande ule, akagonga mhuri. Nimeandikwa kwenye daftari. Leseni ninayo hapa mezani, nimeiegemeza kwenye birika niione ninapokunywa chai. Bernadeta Kornelio, mtoa huduma za dharura. Nimeitazama mpaka chai imepoa.

Kazini wamenipa gari langu na dereva, kuanzia Jumatatu. Hakuna tena kusimamiwa. Mungu akulipe, maana mimi sina cha kukulipa.

Cheti nitakileta mwenyewe kwa mkono wangu, siku yoyote nikipata nafasi ya kuvuka mji. Sitaki kumpa Atuganile kitu kizito hivi.

Somo yako akupendaye,
Anna


Madale
19 Januari 2025

Anna,

Hujambo. Mwaka mpya umeingia na sijakuona. Mzee anakusalimia, ameanza kutumia dawa ya kuvuta na inamsaidia.

Siku yoyote ukipata nafasi ya kuvuka mji. Miezi saba! Watu wanatoka Newala wanafika Dar wanarudi Newala, wewe Chang'ombe hadi Madale imekushinda. Mara mbili nimemuuliza Atuganile, mara mbili amesema "yuko bize dada."

Jumatatu nilikwenda Tegeta bila cheti. Nilivaa gauni langu la kanisani, vidole nimevisugua kwa mafuta ya taa. Pale kuna binti anaandikisha kwa kompyuta, Najat, mchangamfu. Nikataja jina, wazazi, mwaka, shule ya Newala. Akaandika, akasoma, akacheka. Akaniambia, "Dada, mbona umeshamaliza? Darasa la saba umefaulu, kidato cha nne umefaulu. Umenizidi hata mie!" Watu wote wa kwenye foleni wakacheka, na mie nikacheka nao, Anna. Nikacheka, nikachukua mkoba wangu nikatoka, nikatembea hadi nyumbani bila kuona njia.

Mie ndiye mwongo sasa. Nikisema sijasoma, kompyuta inasema nimesoma. Nikisema ni mimi, cheti hakipo sandukuni.

Niambie kitu kimoja tu: ulisahau, au uliamua?

Bernadeta


Chang'ombe
16 Februari 2025

Bernadeta,

Nakusalimu wewe na mzee. Mimi sijambo kwa mwili.

Niliamua.

Leseni ni ya mwaka mmoja mmoja. Kila Desemba unapeleka alama za mafunzo uliyohudhuria, na wanaweza kudai vyeti vyote upya. Alama nilikuwa nazo, hata zilizidi. Lakini niliogopa siku watakapotaka cheti cha kuzaliwa na mimi sina. Nikasema nikishahuisha nitarudisha. Desemba nikahuisha, hakuna aliyekiuliza, na bado sikurudisha, kwa sababu nilishaanza kuwaza Desemba ijayo. Nilikiweka chini ya godoro. Mara ya kwanza mtu alinikalisha kwenye kiti chako, na nilikuwa mtoto. Safari hii hakuna aliyenituma. Mimi ni mtu mzima, nilijua unakihitaji, nikakilalia.

Barua yako ilinikuta zamuni. Siku ile ile tulimbeba mama mmoja wa Tabata aliyeanguka sokoni. Nikamuuliza anaitwa nani, akataja jina lake lote hadi la babu, kwa sauti, huku midomo imepauka. Nikaona wivu. Ndiyo, wivu, kwa mgonjwa.

Alhamisi nilikwenda Baraza. Nilikaa kwenye benchi tangu wanafungua ofisi hadi saa saba, mara mbili nikainuka kuondoka. Nilipoingia, ni mama yule yule wa miwani. Nikaweka leseni mezani nikamwambia, hii si yangu. Nikaeleza yote, tangu kiti cha Newala. Gogo sikulitaja, hilo ni lenu. Alivua miwani akaniuliza, "Binti, unajua unachokifanya?" Nikamwambia mikono yangu inajua kazi, lakini jina ni la mtu mwingine na yeye analihitaji ili aanze kusoma.

Wameniondoa kwenye daftari hadi kamati ikae. Kazini sigusi mgonjwa, naosha magari na kupanga vifaa. Bosi anasema atasubiri kamati, zaidi ya hapo hawezi. Kamati inaweza kuomba vyeti vya shule vibadilishwe viwe kwa jina langu la kweli, maana mitihani nilifanya mimi. Au inaweza kusema kila kilichojengwa juu ya darasa la saba lile kianguke chote, nianze sifuri. Lolote litakalokuwa, kwanza wanataka kiapo cha Bernadeta Kornelio mwenyewe: kwamba hakufanya mtihani ule, na hadai vyeti vile.

Sikuandikii ili nikuombe hicho kiapo. Nakuandikia ujue kipo. Usipoapa nitaelewa kabisa.

Cheti chako hiki hapa. Nilikinyoosha kwa pasi ya uvuguvugu, kilikuwa kimejikunja kidogo. Nisamehe.

Anna Romani


Madale
6 Aprili 2025

Dada Anna,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeacha kufagia chumba kilichofagiliwa. Sie wazima. Mzee anakusalimia sana. Amepata gogo zuri, anachonga mama na watoto wawili tu, anasema saba wanamchosha.

Nimechelewa kujibu kwa makusudi, na mie nilale juu ya kitu kidogo. Wiki saba umesubiri. Nilikuwa nasema nitakwenda Jumatatu, Jumatatu inapita. Nilitaka uone inavyokuwa. Halafu nikaona huku kusubiri kunanichosha mie kuliko wewe.

Jumatano ya wiki mbili zilizopita nilikwenda mahakamani kuapa. Mzee akang'ang'ania kuja na kifua chake. Wakili akaandika, akanisomea: kwamba mimi Bernadeta Kornelio, mkazi wa Madale, mpiga msasa, sijawahi kumaliza darasa la saba. Nilijua nitaona haya. Kuna watu pale, kuna vijana na mafaili. Lakini aliposoma nilijisikia kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Nikamwambia soma tena. Akasoma. Nikasema ndiyo, ni mimi. Nikaweka sahihi, na alama ya kidole ikabaki nyeusi kabla hata sijagusa wino wao.

Halafu mzee akaomba naye aape. Wakili akamwambia hahitajiki. Akasema anahitajika. Akaweka sahihi yake chini ya yangu, na pembeni akachora samaki. Njiani alinibebea mkoba wangu.

Nakala moja nimeipeleka Baraza mwenyewe. Yule mama wa miwani nimemwona. Ameniuliza kama nina kinyongo na wewe, nimemwambia ninacho, na hakimhusu, aandike tu kwamba kazi unaijua. Kamati inakaa mwezi wa tano. Nakala ya pili nimeipeleka Tegeta kwa Najat. Safari hii hakucheka. Amefuta, ameandika upya. Jumatatu iliyofuata nilianza, darasa la watu wazima, chumba cha nyuma ya kanisa. Tupo kumi na tisa. Hesabu bado naziweza.

Somo usiniite tena, maana hatushirikiani jina. Niite kama zamani, uliponiita mdogo wangu, na mie nimekuita dada hapo juu, sijui kama umeona.

Sijui kamati itasema nini. Naomba usiku na mchana waseme vizuri, nisione ile mikono inaosha magari maisha yote. Lakini wakisema uanze sifuri, usikae huko Chang'ombe unalia. Njoo Tegeta. Pembeni yangu kuna kiti, nimekiwekea mkoba ili mtu asikae. Ila mwalimu akiita Bernadeta, wewe nyamaza.

Mdogo wako,
Bernadeta Kornelio